Mama Mkate na Bomba Lake la Moshi

Mama Mkate hakuwa na kawaida ya kubisha hodi. Alisukuma pazia la mlango wangu, akapita kati yangu na cherehani kana kwamba sote wawili ni samani, akaenda moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma na kuuwekea mgongo wa mkono wake. Akasubiri. Midomo ilimsogea, sijui ni kwa sala au kwa hesabu. Ndipo aliponisalimu.

"Fundi, uko je?"

"Mzima, Mama. Ukuta hajambo?"

"Hapana cheka na ukuta."

Nyuma ya ukuta huo ndiko lilikokuwa tanuri lake. Tulikaa Kabalagala, mtaa wa Kampala, nyuma ya mabaa, katika safu ya vyumba ambayo wenyeji huiita muzigo: chumba kimoja kimoja, mlango mmoja mmoja, na juu yetu sote paa moja la mabati na dari moja ya plaiwudi. Chumba cha mwisho kilikuwa jiko lake la kuokea mikate. Cha pili kutoka mwisho kilikuwa changu. Humo nililala, nikapika, nikashona, na vitambaa vya wateja nilivirundika hadi usawa wa dirisha. Kama ungetaka kuwasha moto Kabalagala nzima usingepata kuni bora kuliko chumba changu.

Lazima niseme mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wana safari, mimi nina kizingiti. Nilimaliza kidato cha nne kwetu Kenya, nikaja Kampala kutafuta maisha, na maisha nikayakuta chumbani humo, nikaketi. Wateja walinifuata wenyewe. Hata sokoni nilikuwa nikiagiza. Mama Mkate aliniambia kuwa siku nikifa watu watachelewa kujua, kwa sababu hakutakuwa na tofauti.

Aligusa kuta kwa mgongo wa mkono kwa kuwa kiganja cha mwokaji, alisema, kilikwisha kufa zamani. Hakuishia kwangu. Aliingia kwa jirani wa tatu, kwa wa nne, akapapasa, akanusa pembe za dari kama paka aliyehamishwa nyumba. Wapangaji wapya walidhani ni mchawi. Wa zamani waliendelea kula.

Asili yake siijui vizuri wala sitajifanya naijua. Alitoka Kongo ya mashariki, upande wa milima yenye baridi, ambako alikuwa ameoka mikate kwenye misheni fulani, na misheni hiyo iliungua. Au lilikuwa duka la mikate. Au kanisa. Alisimulia kisa hicho mara nyingi na kila mara kilichoungua kilikuwa kikubwa zaidi, hata nikawa nasubiri siku atakayoniambia kwamba uliungua mji. Lakini kipande kimoja hakikubadilika kamwe.

"Moto haikuonekana," alisema. "Kwanza ilikuwa ukuta tu, iko na joto. Siku mingi. Batu banakausha nguo hapo, banafurahi, banasema Mungu ni muzuri. Kisha siku moja mbao ikakubali."

Mbao ikakubali. Sikupenda alivyolisema neno hilo, kwa upole, kana kwamba anasimulia posa. Kwake ubao hauungui ghafla. Ubao hubembelezwa. Ukikaa karibu na joto mwaka hadi mwaka hukauka mpaka moyoni, rangi yake hugeuka polepole kama ya chai, kisha kahawa, na mwisho wake hauhitaji cheche wala ulimi wa moto. Joto lile lile ulilolizoea jana, leo linatosha. Usiku nilipolala nilitazama dari nikijiuliza imefika kwenye chai au kwenye kahawa.

Mabomba ya moshi, alinifundisha bila mimi kuomba, yako ya namna tatu. La kwanza ni la bati jembamba linalong'aa, lile ambalo mafundi wa mtaa wa Katwe wanakukunjia ukiwa umesimama unangoja. Hilo ni la mtu aliyechoka kuishi. Likipata moto mkali, bati lenyewe hutoa mvuke unaouma kifuani, kisha hutoboka, na tundu unaliona baadaye sana. La pili ni la chuma cheusi, kinene, cha ukuta mmoja. Hilo aliliheshimu, lakini kwa mbali: dhiraa nzima kutoka kwenye mbao yoyote, yaani tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. La tatu alilisimulia kama watu wanavyosimulia Ulaya. Ni bomba ndani ya bomba, na katikati yake pamejazwa kitu kama pamba ila hakiungui. Hilo unaweza kulipitisha vidole vinne kutoka kwenye mbao, na mbao isijue kuna mgeni.

La namna hiyo hatukuwahi kuliona. Ile ilikuwa Kampala ya baada ya vita, mji unaojijenga upya kwa vitu vya kuokota. Milango ya nyumba moja ilikuwa vitanda katika nyumba nyingine. Bomba la Mama Mkate lilikuwa la namna ya pili, chuma cheusi kilichotoka kwenye jiko la kambi fulani, na hakuna aliyeuliza lilitokaje.

Aliyelifunga alikuwa fundi wa mapaa, Mganda mmoja mcheshi mwenye kofia ya sufu hata juani. Alilifunga kama anavyofunga mabati: kipande cha juu kikalifunika kile cha chini kwa nje, ili mvua iteleze. Mama Mkate alilitazama, akashika kiuno.

"Toa."

"Nnyabo, mimi nafanya mabati toka zamani. Mvua hapana ingia hata kidogo."

"Mvua ya nani? Mimi na wewe tuko ndani ya nyumba. Hapa mvua inatoka ndani."

Fundi wa mapaa alinitazama mimi, mwanamume mwenzake, aone kama mama huyu ni mzima. Mimi nilitazama viatu vyangu. Basi Mama akamweleza kwamba moshi wa kuni mbichi ukipoa huacha lami, na lami hiyo hutiririka kushuka ndani ya bomba. Kipande cha juu kikiwa ndani ya kile cha chini, lami hurudi tanurini na kuungua huko. Kikiwa kwa nje, inachuruzika kwenye kiungo, inaganda juu ya bomba lenye moto, na siku moja inashika.

"Banange," akashangaa fundi. "Kumbe bomba ni paa lililovaliwa ndani nje."

Alicheka sana, akaligeuza lote, kiungo kwa kiungo, hadi kwenye dari. Na juu ya dari je? Huko pia, alisema, alikuwa amegeuza.

Sasa nifike kwenye shimo.

Paa letu lilikuwa limetobolewa wakati wa vita. Sijui ni risasi kubwa au ni kipande cha kitu kilichopasuka. Lilikuwa tundu la mviringo lenye kingo zilizokunjika, na liliangukia juu ya chumba changu. Mvua ilipita humo, ikatua juu ya dari, ikaninyeshea mguuni mwa kitanda. Yule fundi alipopanda alifurahi kana kwamba ameokota ng'ombe. Kwa nini atoboe bati zima la Mama Mkate, tundu lingine lipo? Akalipandisha bomba wima hadi juu ya dari ya jikoni, akalilaza, akalivusha juu ya ukuta, juu ya dari yangu, akalitokeza kwenye tundu la vita. Akaliziba kandokando kwa lami na vipande vya bati. Mvua ikakoma kuninyeshea. Sote tulimsifu. Mimi nilimkaangia mayai.

Ilichukua wiki kadhaa akili yangu ya kidato cha nne kufika mahali ilipotakiwa: maji yamekoma, lakini sasa juu ya kitanda changu mnapita moto.

"Mama, huko juu bomba liko mbali na mbao?"

"Yule fundi wa paa amesema dhiraa moja."

"Wewe umepanda kuona?"

"Unga yangu inaumuka," akasema, na kweli akaenda kutazama unga.

Basi nikawa na hofu, na hofu ya mtu wa nyumbani ni mbaya kwa sababu hana pa kuipeleka. Mwenye kutoka huiacha baa, huiacha kanisani. Mimi niliishona humo humo pamoja na mashati. Bomba lilipopata moto alfajiri lilinyooka kwa mlio mdogo, tik, tik, likielekea tundu lake. Nilijua sauti za kila kuni. Kuni kavu ya mkaratusi ilivuma. Kuni mbichi ilinung'unika na kufoka. Mara nyingine bomba liliimba, sauti moja nyembamba, na hapo Mama Mkate alinyamaza kule upande wa pili, nami nikanyamaza upande huu, tukasikiliza wote wawili mpaka lilipoacha.

"Moto haina rafiki," alipenda kusema. "Iko na jirani tu."

Mtu angedhani mwanamke wa namna hii anaogopa moto wote. La! Sigiri yake ya chai, jiko dogo la makaa, aliiwasha kwa kumwagia mafuta ya taa kutoka kwenye chupa ya soda, huku anaongea, huku ulimi wa moto ukirudi kuelekea chupa kama mbwa anayemfahamu. Nilipiga kelele mara ya kwanza. Aliniambia nina moyo wa kuku. "Hii moto naiona," alisema. "Ile naiona siiogopi."

Mkono wake, kwa bahati mbaya, ulikuwa mfupi. Alikuwa mwanamke mnene wa kimo cha meza, na dhiraa yake haikufika mbali. Mimi nina mikono ya nyani. Mashati ya dukani hayanifiki viganjani, hata langu lazima nilishone mwenyewe. Alipogundua hilo, nikawa chombo chake. "Fundi, leta mkono," angesema, na mimi nisiyevuka barabara kununua chumvi nikajikuta nakokotwa kwenye majiko ya watu, nimekunja mikono ya shati, nimewekwa kiwiko kwenye bomba lililopoa na vidole kwenye mbao zao.

Tulimwendea hivyo mwenye baa moja iliyochoma kuku kwa kuni. Bomba lake, la bati jembamba, lilipenya dari ya mafunjo bila hata kizuizi. Mafunjo makavu! Vidole vyangu vilifika mafunjo kabla kiwiko hakijanyooka.

"Nnyabo, wewe ni polisi ya moshi?" yule bwana akauliza.

"Mimi ni jirani yako."

"Na huyu murefu?"

"Huyu ni kipimo."

Wanywaji walicheka mpaka mmoja akamwaga bia. Tangu siku hiyo, nikipita pale, na nilipita mara chache, waliniita Kipimo. Mama Mkate alimtabiria yule bwana kwamba Krismasi haitamkuta na paa. Hadi leo baa ile haijaungua. Jambo hilo lilimuudhi mpaka alipohama.

Kilichoungua kilikuwa chetu.

Ilikuwa mchana. Alikuwa amewasha kwa ajili ya mikate ya jioni, kwa kuni ambazo mvua ilikuwa imezigusa, na mimi nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja. Bomba likaimba. Halikuacha. Sauti ikanenepa, ikawa mvumo, kisha ngurumo kama ya lori linalopanda mlima juu ya dari yangu, na dari ikaanza kutetemeka na kuniangushia vumbi kichwani.

Nilikimbia nje. Wenzangu hukimbia na watoto, na hati, na redio. Mimi nilipofika uani niligundua nimeshika pasi, na pasi yangu ilikuwa ya makaa. Nimekimbia moto nikiwa nimeubeba.

Juu ya paa, tundu la vita lilikuwa likitoa moto kama koo. Majirani walikwisha shika ndoo. Mama Mkate alisimama mlangoni pa jiko akawazuia kwa mikono miwili.

"Hapana maji! Mukimwaga maji chuma itapasuka! Hewa! Muzibe hewa!"

Akaingia. Mlango wa tanuri lake ulikuwa kifuniko cha pipa, haukuziba vizuri, na kila ufa ulikuwa ukivuta hewa kwa mluzi. Nikiwa uani na pasi yangu nilimwona akizamisha mikono kwenye karai, akautoa unga wote wa jioni uliokwisha umuka, akaanza kuukandika kuzunguka ule mlango, bonge kwa bonge, kama fundi anayesiriba ukuta. Unga ukaumuka zaidi kwa lile joto, ukajaza nyufa, ukaiva. Jiko likanuka mkate. Polepole ngurumo ikashuka, ikawa mvumo, ikawa pumzi, ikaisha.

Ndipo wanaume wakapanda kubomoa dari yangu. Wakaing'oa plaiwudi ya kwanza. Bomba lilikuwa limelala juu ya boriti kama mtu aliyelala juu ya mto wake. Hapakuwa na dhiraa wala kidole. Na boriti ile, kwa urefu wa kitanda changu, ilikuwa nyeusi, inang'aa, imepasukapasuka vipande vipande kama ngozi ya mamba. Viungo vya bomba huko juu vilikuwa vimefungwa kimapaa, nje juu ya ndani, na lami imeganda kwenye kila kimoja. Mmoja wa waliopanda aliikwangua boriti kwa ukucha. Ilitoka mkaa.

"Hii si ya leo," akasema.

Mama Mkate aliitazama kwa muda mrefu, mikono imemganda unga hadi viwikoni. Kisha akachukua jembe, akaingia jikoni, na kabla tanuri halijapoa akaanza kulibomoa. Tulimsihi. Wapangaji waliompenda kwa mikate walimwambia lisogezwe tu, bomba litobolewe wima, kosa si lake. Aliendelea kupiga jembe. Matofali ya mwisho yalimuunguza miguu.

Baada ya hapo alikaanga mandazi kidogo, lakini moyo ulikwisha toka. Mwaka haukwisha akahamia kwa binti wa dada yake, huko Luzira. Mimi nilinunua plaiwudi mpya, nikabadilisha boriti, nikabaki.

Nilimwona tena baada ya miaka mingi. Yule binti aliniletea ujumbe kwamba mama anaumwa na anamuulizia Kipimo. Nilikodi boda boda, jambo ambalo kwangu ni sawa na kwenda hija, nikateremka hadi karibu na Port Bell, ambako mabehewa ya treni yalikuwa yakisukumwa kupandishwa melini na kugongana kwa kishindo kilichonishtua kila mara. Nikamwomba kijana wa boda anisubiri.

Nyumba ilikuwa safi, ya saruji, jikoni kuna gesi. Alikuwa kitandani, amepungua nusu. Binti alinikaribisha, akaniwekea kiti, akaomba radhi kwamba anakimbia duka la dawa, atachelewa kidogo.

"Fundi," Mama akasema. "Unakaa wapi siku hizi?"

"Pale pale, Mama."

"Ile chumba?"

"Ile ile."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe ni jiwe. Mungu alikuweka, ukakaa." Kisha kicheko kikamwisha, na akageuza uso kuelekea dirishani. "Ile mbao. Nilikuwa nasikia harufu yake."

"Siku ile?"

"Mbele ya siku ile. Mwaka muzima. Harufu ya mbao iko napikwa. Mi najua ile harufu kuliko jina yangu. Kila asubuhi naisikia, najiambia ni mkate."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu mirefu. "Na kila asubuhi uliingia kwangu, ukagusa ukuta, ukaniambia uko sawa."

"Ukuta ilikuwa sawa."

"Mama, mimi nililala chini ya boriti ile. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungehama. Wewe ungehama, nani angebaki? Bote banatoka. Mi naenda Nakasero kutafuta unga, naacha tanuri iko na moto ndani, nafika sokoni nataka kukimbia nirudi. Halafu nakumbuka: Fundi iko nyumbani. Fundi atasikia. Ndiyo nanunua unga." Akavuta pumzi. "Nilikuweka pale kama batu banaweka mbwa. Na nilikuwa nakupenda. Yote mbili."

Nilitaka kucheka, kwa sababu katika maisha yangu yote hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kupewa bila kuomba, na niliifanya vizuri sana. Badala yake hofu ikanijia, nzima, ile ya miaka yote iliyokuwa ikiniambia usiku kwamba mimi ni mjinga na moyo wa kuku. Ilinipanda mgongoni polepole, katika nyumba ya saruji, mchana mweupe. Kumbe nilikuwa na haki ya kuogopa. Kumbe upande wa pili wa ukuta alikuwepo mtu anayejua, naye anaogopa kunizidi, na kila mmoja wetu alikuwa akimtegemea mwenzake kwa ajili ya usingizi.

"Unanikasirikia?" akauliza.

"Ndiyo."

"Muzuri." Alifumba macho. "Sasa kaa kidogo. Huyu mutoto ametoka, na mimi peke yangu silali. Tangu zamani. Kaa, nilale."

Pumzi yake ikaanza kuwa ndefu. Nje kijana wa boda alipiga honi mara moja, halafu tena. Nikaenda mlangoni kwa kunyata, nikamwashiria kwa mkono aende zake, nikarudi kukaa.